Shajara ya mradi: kijitabu cha wanyama, mazingira na magonjwa kwa shule za Dar es Salaam

Februari: kazi yenyewe na mipaka yake

Kikundi chetu cha kujitolea kimekubali ombi la klabu za mazingira za shule kadhaa za sekondari za Kinondoni na Ilala. Zinataka kijitabu cha Kiswahili na mabango ya ukutani kuhusu namna mabadiliko ya mazingira yanavyobadili mienendo ya wanyama na, kupitia mienendo hiyo, magonjwa yanayowapata wao na sisi. Tuko wachache: walimu wawili wa baiolojia, daktari wa mifugo mstaafu ambaye sote tunamwita Dokta, kijana mchoraji anayeishi Sinza, na mimi niliyepewa jukumu la kuandika na kuitunza shajara hii, ili klabu nyingine zitakazotaka kuandaa vijitabu vyao zione tulivyoamua kila jambo na sababu zake.

Ombi lilikuja na mpangilio wake: ukurasa mmoja kwa kila mnyama, na chini ya jina lake orodha ya magonjwa anayobeba. Nimeupinga mpangilio huo tangu kikao cha kwanza, na Dokta ameniunga mkono. Orodha ya namna hiyo humfundisha mwanafunzi kumwogopa popo au panya bila kumwambia ni wakati gani hofu ina msingi. Kimelea kilichokaa ndani ya mnyama kwa vizazi na vizazi bila kumsumbua binadamu huanza kuwa tishio pale mnyama huyo anapolazimika kula mahali pengine, kulala mahali pengine, au kukaribiana na viumbe ambao zamani walikuwa wakipishana naye tu. Tumekubaliana kwamba kila sura ianze na badiliko la mazingira, kama vile ukame, mafuriko, msitu uliofyekwa au jalala lililokua, kisha ieleze mnyama alifanya nini kutokana na badiliko hilo, na ugonjwa uje mwisho. Swali litakalorudi katika kila sura ni hili: nani anakutana na nani, wapi, na kwa nini sasa?

Tumeweka mpaka mmoja mapema. Homa ya dengi, iliyolipuka hapa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, haitapewa sura yake. Mjini virusi vyake huzunguka kati ya mbu na watu, na mnyamapori hana nafasi kubwa katika mzunguko huo. Mwalimu mmoja hakuridhika, kwa kuwa dengi ndiyo wanafunzi wanaoifahamu, lakini kijitabu kinachobeba kila kitu hakisomwi.

Machi: simba wa Serengeti

Nimeanza na Serengeti, ingawa iko mbali na jiji hili, kwa sababu huko ndiko kuna kisa kilichochunguzwa kwa undani kuliko vingine na ambacho mwanafunzi anaweza kukifuata hatua kwa hatua.

Mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, hesabu inayokadiriwa kufikia simba 1,000. Watalii na wahifadhi waliona wanyama wakitetemeka, wakianguka na kupata degedege. Ugonjwa ulitambuliwa kuwa distempa, ambao kwa kawaida ni ugonjwa wa mbwa, na kwa haraka macho yaligeukia maelfu ya mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini hayakutosha. Sampuli za damu za simba zilizohifadhiwa kwa miaka mingi zilipopimwa upya, ilionekana kwamba virusi vya distempa vilikuwa vimepita katikati ya simba wa eneo hilo katika miaka mingine pia, na simba hawakufa kwa wingi. Kwa nini basi mwaka 1994?

Jibu, lililochapishwa mwaka 2008, lilianzia kwenye mvua. Mwaka 1993 ulikuwa wa ukame mkali. Nyati walikonda, wakadhoofika, na miili yao ikajaa kupe. Simba nao, kama ilivyo desturi ya mwindaji yeyote mwenye akili, walikwenda kwa mnyama aliyekuwa rahisi kuangushwa, wakala nyati wengi kuliko kawaida, na kwa kufanya hivyo wakajipatia kupe wengi waliobeba kimelea cha babesia kinachoshambulia chembe nyekundu za damu. Babesia peke yake simba huivumilia. Distempa peke yake simba wengi huivumilia. Lakini distempa hudhoofisha kinga ya mwili, na mwili uliodhoofika ulipokutana na mzigo mkubwa wa babesia, simba walikufa. Mambo kama hayo yalijirudia katika Bonde la Ngorongoro mwaka 2001, tena baada ya ukame.

Mchoraji aliniuliza achore nini katikati ya ukurasa. Nimemwambia achore nyati aliyekonda. Simba na mbwa watakaa pembeni, kwa sababu mlango wa kisa kizima ni huyo nyati na kupe waliomganda masikioni na kwenye kinena.

Ngorongoro ina kisa kingine cha zamani ambacho nimekipa aya moja tu, ingawa nilitamani kukiandika kwa urefu. Mwaka 1962, baada ya ukame kufuatwa na mvua nyingi mno, inzi wanaouma waliongezeka kupita kiasi ndani ya bonde. Simba walijaa vidonda, wakaanza kupanda miti na kujibanza kwenye mashimo ya fisi ili kuwakwepa, wakashindwa kuwinda, na idadi yao ikaporomoka hadi kubaki kati ya 10 na 15. Hakuna kirusi kipya hapo. Ni mvua, inzi na mnyama aliyelazimika kuishi tofauti. Dokta anasema hiki ndicho angekiweka mwanzo kabisa wa kijitabu, na huenda tukamsikiliza.

Upande wa pili wa sarafu ni sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe, ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, uliwaua pia nyumbu na nyati kwa wingi, na ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula majani mengi, majani yakabaki machache ya kuchochea moto wa nyika, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Nimekiweka kisa hiki ili wanafunzi waone kwamba mazingira hubadili ugonjwa, na ugonjwa nao, ukiondoka, hubadili mazingira. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa, na ni ugonjwa wa pili tu kufikia hatua hiyo baada ya ndui.

Aprili: masika, Msimbazi na panya

Mvua za masika zimefika, na sura ya mafuriko haihitaji mifano ya mbali. Bonde la Msimbazi linaijua kazi yake: maji yote ya vilima vya Pugu hushuka kupitia hapo hadi Daraja la Salender, na Jangwani hugeuka ziwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na sehemu kubwa ya nafasi waliyoipata kujenga ni ile ambayo mto ulikuwa ukiitumia kupumulia.

Mwalimu wa kike wa kikundi, aliyekulia Magomeni, alitupeleka kwa jamaa zake wanaoishi kando ya bonde. Mama mwenye nyumba alituonyesha alama ya tope ukutani, iliyofika karibu na kiuno cha mtu mzima, kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukulitarajia: magunia ya mchele yaliyokuwa yametundikwa kwa kamba kwenye kenchi za paa, kila kamba ikiwa imepitishwa kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa chini ili panya asiweze kuteremka. “Maji yakija, wao wanatangulia,” alisema. “Sisi tunapandisha godoro, wenzetu wamekwisha fika juu.” Mchoraji alichora kamba ile na chupa yake papo hapo, na itaingia kwenye kijitabu kama ilivyo.

Maelezo ya kisayansi yanakubaliana na mama huyo. Mashimo ya panya yakijaa maji, panya huhamia sehemu zilizoinuka, na sehemu zilizoinuka ndizo watu wanakokimbilia pia. Panya wengi hubeba kwenye figo zao bakteria wa homa ya mgunda na kuwatoa kwa mkojo bila wenyewe kuugua. Bakteria hao huweza kuishi kwa wiki kadhaa katika maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu, na humwingia mtu kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho au mdomo. Nchi nzima ililisikia jina la ugonjwa huu mwezi Julai 2022, ulipozuka mkoani Lindi na kuwapata watu 20, watatu kati yao wakafariki. Kabla ya vipimo, kutokwa na damu puani kulikuwa kumezua hofu ya ugonjwa mgeni kabisa. Nimeandika kwa msisitizo kwamba ugonjwa huu hutibika kwa dawa za viuavijasumu mtu akiwahi hospitali, na kwamba mtu mwenye homa baada ya kukanyaga maji ya mafuriko amwambie mhudumu wa afya kuhusu maji hayo, kwa kuwa bila taarifa hiyo homa yake itafanana na malaria au homa nyingine yoyote.

Katika sura hiyohiyo nimeingiza Homa ya Bonde la Ufa. Baadhi ya mbu hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotwama maji, na mayai hayo, yakiwa tayari na virusi ndani yake, huweza kukaa makavu kwa miaka hadi mafuriko yanapoyafunika na kuyaangua. Mbu hao huwauma kwanza ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyamapori wakiwemo nyati. Mimba za mifugo huharibika kwa wingi, na watu huambukizwa hasa kwa kushika damu na mizoga. Mwishoni mwa mwaka 2006, mvua zilizoambatana na El Niño ziliamsha mlipuko ulioanzia Kenya na kufika Tanzania mapema mwaka 2007, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki nchini mwetu. Jambo linalonivutia ni kwamba wanasayansi walikuwa wameuona unakuja: walipima joto la bahari na ukijani wa nchi kwa setilaiti, wakatoa tahadhari kabla ya mlipuko. Ugonjwa unaotegemea mvua hutabirika angalau kwa kiasi ambacho mvua yenyewe inatabirika.

Mei: kunguru wa Feri

Sura ya kunguru imeandikwa kwa furaha kuliko zote, na nadhani itaonekana.

Tulikwenda soko la samaki la Feri alfajiri. Kabla boti hazijaonekana, kunguru walikuwa wamekwisha jipanga kwenye paa za mabanda na kwenye nyaya, wametulia kwa namna isiyo ya kawaida yao. Boti ya kwanza ilipokatiza kati ya ngalawa zilizokuwa zimetia nanga, walianza kuita, na kufikia wakati mapipa ya dagaa yalipoteremshwa walikuwa wamegawana: wengine wakimsumbua mchuuzi upande mmoja, wengine wakiiba upande aliouacha. Kunguru mmoja alichukua kichwa cha kibua, akakipeleka hadi kwenye dimbwi la maji yaliyotiririka kutoka meza za kuparia, akakichovya na kukigeuza mara kadhaa, kisha akakila hapo hapo. “Mwanangu, hawa wanajua ratiba kuliko wanunuzi,” alisema mama mmoja aliyekuwa akipara samaki, bila kuinua macho.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, kwa nia ya kusaidia kula taka za mji, na kutoka huko akavuka kuja bara na kuenea pwani nzima. Ni ndege asiyeishi mbali na binadamu: pasipo na taka zetu hayupo, na taka zikiongezeka anaongezeka. Kunguru mweusi mwenye shingo nyeupe, ambaye ni wa kwetu, amesukumwa nje ya mji, na ndege wadogo hupoteza mayai na makinda kwa wingi. Uchunguzi wa kinyesi cha kunguru wa mijini katika nchi kadhaa umekuta bakteria wa kuharisha, wakiwemo wa jamii ya salmonela. Dokta anaongeza kwamba ndege anayetoka jalalani asubuhi na kunywa kwenye chombo cha kuku mchana ni njia nzuri ya kusambaza mdondo, ugonjwa unaoua kuku, iwe anaugua mwenyewe au amebeba tu miguuni na mdomoni.

Mamlaka zimewahi kuwapunguza kwa mitego na kwa sumu maalumu, na idadi hushuka kwa muda. Maoni yangu, ambayo nimeyaweka kwenye kijitabu yakiwa na alama ya maoni, ni kwamba kumuua kunguru bila kugusa jalala ni kumpa kunguru atakayebaki chakula kingi zaidi. Mwalimu wa pili alitaka niiondoe sentensi hiyo kwa kuwa inagusa sera. Imebaki.

Juni: popo

Sura hii imechukua muda mrefu kuliko zote, na imekuwa na mabishano mengi zaidi, kwa sababu wakati tunaiandika wakazi wa mtaa mmoja wa katikati ya jiji walikuwa wakitaka miti yao mikubwa ikatwe ili popo waondoke. Mtendaji wa mtaa alisikia kuhusu mradi wetu, akatuita tuje kuzungumza.

Tulifika saa kumi jioni. Miembe na mivinje ilikuwa imejaa popo wa matunda, wakubwa, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu shingoni, wakining'inia kwa makundi makundi na kujipepea kwa bawa moja kwa sababu ya joto. Kelele zao ni za kugombana, kama watu wanaogombea siti ya daladala. Chini ya miti palikuwa na harufu kali, na sakafu ya saruji ilikuwa na vidonge vya makapi: popo huyu hutafuna tunda, hufyonza maji yake kwa kuligandamiza kwenye kaakaa, na hutema nyuzi zilizobaki zikiwa zimebanwa kuwa kidonge kikavu kidogo kuliko kidole gumba. Mchoraji alikiokota kimoja kwa kijiti na kukichambua kwenye karatasi. Zilikuwa nyuzi tupu. Mlinzi, mzee wa makamo, alitueleza kwamba popo hawapo mwaka mzima, na kwamba kila wakirudi hurudi kwenye miti ileile.

Popo wa aina hii ana uzito wa gramu 300 hivi na mabawa yenye upana unaofikia sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha. Hukaa katika miji mingi ya Afrika, ikiwemo Accra na Kampala. Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba mamilioni yao hukusanyika katika msitu mdogo wa Kasanka nchini Zambia kufuata matunda ya mwituni, na huo ni mmoja wa mikusanyiko mikubwa kuliko yote ya mamalia duniani. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Utafiti uliofanyika Ghana kwa kuwafunga popo vifaa vya setilaiti ulionyesha kwamba wanaweza kubeba mbegu za miti umbali wa kilomita 75 kutoka mti mama, na hakuna ndege wala nyani anayeifanya kazi hiyo kwa kiwango hicho katika msitu uliokatikakatika. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mkubwa wa vinasaba vya popo hawa, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi zilizotoa sampuli, ukaonyesha kwamba popo wa bara zima la Afrika ni jamii moja inayochanganyika. Anayetaka kuwamaliza kwenye mtaa wake anashindana na bara.

Virusi wanavyo. Tangu mwaka 1956, popo wa matunda waliokamatwa Lagos walikutwa na virusi vya jamii moja na kichaa cha mbwa, na uchunguzi wa baadaye umekuta katika popo hawa kingamwili dhidi ya virusi vya jamii ya Hendra na Nipah. Jambo hili nimeliandika wazi, kwa sababu mwanafunzi akilifichwa atalipata kwingine likiwa limetiwa chumvi. Kuwepo kwa virusi mwilini mwa popo na mtu kuugua ni mambo mawili yanayotenganishwa na safari ndefu, na sura nzima inahusu safari hiyo.

Kwa safari hiyo nimetumia Australia. Virusi vya Hendra viligunduliwa mwaka 1994 karibu na Brisbane, farasi walipokufa na mkufunzi wao akafariki. Popo wa matunda wa huko kwa asili huhamahama wakifuata maua ya mikalitusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za miaka 25, ulionyesha mfuatano huu: El Niño huharibu uchanuaji wa miti, popo hukosa chakula, makundi makubwa yanayohama huvunjika kuwa makundi madogo yanayoishi mwaka mzima mjini na mashambani, wakila matunda duni ya bustani, na majira ya baridi yanayofuata, popo wenye njaa hutoa virusi vingi zaidi juu ya malisho ya farasi. Misitu iliyobaki ilipochanua vizuri wakati wa baridi, popo waliyaacha mashamba na kuifuata, na maambukizi hayakutokea. Farasi waliokolewa na maua ya porini. Katika kijitabu kizima sioni ushahidi ulio wazi zaidi kuliko huu wa mwenendo wa mnyama kusimama katikati ya mazingira na ugonjwa.

Kwenye kikao cha mtaa, mzee mmoja aliuliza swali la haki: Marburg ya Kagera ya mwaka 2023, iliyoua watu sita, haikutoka kwa popo? Dokta alimjibu kwa heshima inayostahili swali hilo. Popo anayebeba virusi vya Marburg ni mwingine, mdogo kuliko hawa, anayekaa kwenye mapango na migodi. Kisha akaeleza yaliyotokea Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, na popo wa mgodi ule wakaangamizwa na milango kuzibwa. Baadaye popo wengine walihamia humo. Watafiti waliporudi baada ya Marburg kuzuka tena jirani na eneo hilo mwaka 2012, walikuta kiwango cha popo wenye maambukizi kimepanda kutoka asilimia 5.1 ya awali hadi asilimia 13.3. Huenda kuwaondoa popo waliokwisha kupata kinga kuliacha nafasi kwa popo vijana wasio na kinga kabisa.

“Kwa hiyo, Dokta, tukikata miti tunajitafutia?” aliuliza mama mmoja mwenye genge jirani na mahali pale.

“Mnawafukuza hapa mnapowaona, mama, mnawapeleka kwenye mapaa msipowaona,” alijibu.

Mtaa haukukubaliana siku hiyo. Harufu ni kero ya kweli, na mwenye genge ambaye mwavuli wake huchafuliwa kila siku ana haki ya kulalamika. Nimeandika hivyo kwenye kijitabu, kwa kuwa sura inayomtaka mtu aishi na popo bila kuitaja harufu haitaaminiwa na yeyote aliyewahi kukaa chini ya mti ule. Tulichoafikiana ni mambo ya kufanya: kufunika matangi na ndoo za maji, kuhamisha meza za chakula kutoka chini ya matawi, kutookota embe lenye alama za meno, kutomshika popo aliyeanguka, na mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Julai: wanyama wa usiku, na majaribio ya kusoma

Sura fupi kuliko zote inahusu saa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 76 kuhusu aina 62 za mamalia katika mabara sita, ulionyesha kwamba wanyama wanaoishi karibu na shughuli za watu huwa na pilikapilika za usiku kwa kiwango cha mara 1.36 ya wanavyokuwa mbali na watu. Tembo anayeingia shambani usiku na kurudi msituni kabla ya mapambazuko ni mfano ambao kila mkulima wa Rufiji anaujua. Kwa upande wa magonjwa, anayebadili saa hubadili pia mbu na kupe anaokutana nao, na wanyama wengine anaokunywa nao maji. Nimeishia hapo.

Rasimu imesomwa na wanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja. Sura ya simba ilieleweka vizuri, na binti mmoja alichora ubaoni, bila kuombwa, mshale kutoka mvua hadi nyati, kutoka nyati hadi kupe, na kutoka kupe hadi simba, kisha akaongeza mshale wa mbwa kutoka upande mwingine. Mchoro wake ndio utakaotumika badala ya ule tuliokuwa nao. Sehemu ya Homa ya Bonde la Ufa katika sura ya mafuriko iliwachosha. Mayai ya mbu yanayosubiri miaka mingi yaliwavutia, lakini maelezo ya setilaiti yamekuwa marefu na nitayapunguza. Mwanafunzi mwingine aliuliza kwa nini popo hafi kwa virusi anavyobeba. Dokta alimweleza kwamba popo ni mamalia pekee anayeruka kweli, na kwamba wanasayansi wengi wanahusisha uvumilivu wake na namna mwili wake ulivyojirekebisha kuistahimili kazi hiyo nzito, kinga yake ikivibana virusi bila kuuwasha mwili kwa homa na uvimbe unaotuumiza sisi.

Agosti: tulipofika

Sura tano zimekamilika na zimepitiwa na Dokta. Kisa cha inzi wa Ngorongoro kimehamishiwa ukurasa wa kwanza. Bango la kunguru limekwisha chorwa. La popo linarudiwa, kwa sababu mchoraji alimpa popo meno ya filamu za kutisha, na tumekubaliana achore anayejipepea kwa bawa moja kama tulivyomwona.

Mtaa wenye popo umeamua kupogoa matawi yanayofunika barabara na genge, na kuiacha miti yenyewe. Mtendaji ameomba nakala za bango kwa ajili ya ofisi yake, na tumemwahidi za kwanza zitakazotoka kiwandani.

Kilichobaki ni ramani ya Bonde la Msimbazi itakayoonyesha maeneo yaliyoinuka ambako watu na panya hukimbilia. Walimu wanataka ichorwe na wanafunzi wenyewe wanaoishi huko, kabla ya mvua za vuli kuanza Oktoba. Mama mwenye magunia ya mchele amekubali waanzie nyumbani kwake.